Logo Ikae Wapi, Kitufe Kipumue Wapi

Jumanne, tarehe 4 Julai 2017

Nimeitwa na Shirika! Mimi Maliki, fundi cherehani wa mtaa wa Kataki, nimeitwa kwa barua yenye muhuri. Nimemsomea mke wangu Mwanamisi mara mbili. Mara ya tatu akasema ana vyombo vya kuosha.

Sababu ya kuitwa ni vumbi. Maajenti wa Shirika wanazunguka kuandika majina ya watu waliokimbia vita, na siku hizi hawaandiki kwa kalamu, wanaandika kwa kidole juu ya tableti. Upepo wa Julai umeanza. Vumbi linaingia ndani ya vyombo hivyo, navyo vinakufa. Wanataka mifuko ya kuvivalisha, yenye logo ya Shirika, na kitufe cha tableti kiachwe wazi. Kumi kwanza, ishirini baadaye. Mifano ipelekwe Jumatatu.

Tumeitwa mafundi wawili, mimi na Bertin. Bertin alifundishwa kushona na masista wa misheni kule Moba. Sijui kama Kalemie kuna mtu ambaye bado hajaambiwa jambo hilo.

Madamu Clémentine, mkuu wa vifaa, alituonyesha tableti moja kwa muda wa kusema bismillahi. Bertin aliomba kuigusa, akakataliwa. Nilifurahi. Nilipima kwa macho: urefu shubiri moja na vidole viwili, upana shubiri kasoro vidole viwili. Nyeusi. Kitufe sikukiona! Nimeitazama tableti nzima nisione kitufe. Kiko wapi? Nimekula ugali wa leo nikijiuliza hilo tu, hata samaki sikumbuki alikuwa samaki gani.

Mshindi atapewa beji ya shingoni, ya kuingia getini bila kuulizwa. Beji hiyo naihitaji kweli. Jikoni kwangu wanalala Mama Pascasie na watoto wake wanne. Zamani alikuwa akituletea mihogo kutoka kijijini kwao, njia ya Kabalo. Kijiji kilipochomwa mwezi wa tano, mlango mmoja tu alioujua hapa mjini ulikuwa wangu. Kuandikishwa amekosa mara mbili. Mara ya kwanza orodha ilifungwa akiwa wa sita kutoka mbele. Mara ya pili kijiji chao kiliitwa yeye akiwa ameenda kuokota kuni. Mara ya tatu ni Ijumaa tarehe 14, na wametangaza kwamba ni ya mwisho kwa wanaokaa katika nyumba za watu. Asiyeandikwa hapati kadi. Asiye na kadi hapati unga wala turubai.

Nimemwambia: nikiwa na beji, wewe utakuwa wa kwanza. Mwanamisi ameuliza tangu lini mtu wa mifuko anapanga foleni. Nimemwambia angoje aone.


Jumatano, tarehe 5 Julai

Swali la leo: tableti hushikwaje?

Nimekwenda kambini, njia ya uwanja wa ndege, nikakaa kwenye kivuli cha tangi la maji na daftari langu. Maajenti walikuwa kazini. Nimehesabu. Kumi na mmoja waliilaza tableti juu ya mkono wa kushoto, kama mtu anavyombeba mtoto mchanga. Wanne waliisimamisha. Mmoja alijipepea nayo.

Jambo hili ni zito kuliko nilivyofikiri. Logo ya Shirika ni mikono miwili iliyobeba nyumba. Tableti ikisimama, nyumba imebebwa vizuri. Ikilazwa, nyumba inaangukia ubavu. Ikipinduliwa, mikono inaimwaga nyumba chini, na hilo si jambo la kumwonyesha mtu ambaye nyumba yake imechomwa. Je, wenye Shirika wamewahi kukaa kivulini wakafikiria hili? Sidhani.

Tena kuna swali la pili. Logo ni ya nani? Ya ajenti anayeshika, au ya mama aliyesimama mbele yake anayeandikwa? Mmoja akiiona, mwenzake haioni.

Mmoja wa maajenti namfahamu, Anwari, jirani yetu, aliyekuwa akifundisha hesabu kabla shule yake haijafungwa. Nilikuwa hatua tatu tu nimuulize kitufe kiko wapi, mlinzi akaja kuniuliza nahesabu nini. Nikasema mbuzi. Hapakuwa na mbuzi. Nimetolewa nje, kwa heshima lakini kwa mkono.

Kumuuliza Anwari nyumbani kwake? Hapana. Angemwambia Madamu kwamba fundi hajui. Fundi anajua, ila bado hajagundua.


Alhamisi, tarehe 6 Julai

Kila fundi wa Kalemie anaijua sheria ya kitenge cha picha. Kitenge cha jubilei, kitenge cha Machi 8, kitenge cha chama, vyote ni sheria moja: kichwa cha mtu au alama ya heshima inakaa kifuani, au mgongoni kati ya mabega. Haikaliwi. Fundi anatafuta kwanza makalio yako wapi, ndipo anakata. Bertin aliisahau sheria mara moja tu, mwaka juzi, kwa gauni la Mama Henriette wa kwaya. Padre mzee mwenyewe, siku ya jubilei yake, alisimama altareni akijitazama anavyokaliwa kwenye benchi la mbele. Nadhani masista wa Moba somo hilo waliliruka.

Basi, makalio ya tableti yako wapi?

Nimemuuliza Mwanamisi. Akasema, huku akisonga ugali, kwamba kitu kinakalia upande ule kinaowekwa nao chini. Mwanamke huyu! Ni kweli kabisa. Mezani inawekwa kwa mgongo, mapajani inawekwa kwa mgongo. Kwa hiyo ule mgongo wa tableti si mgongo, ni makalio, na logo haiwezi kukaa huko. Mbele nako haiwezekani, maana mbele ndiko kidole kinakoandika. Zinabaki kingo nne.

Nimekata tableti ya mbao kutoka kwenye kasha la sabuni, nikaipiga msasa, nikaipaka rangi ya viatu. Nimemketisha Mama Pascasie mbele yangu, nikajifanya ajenti. Nilitaka kujua macho ya mtu anayeandikwa yanaangalia upande gani wa tableti. Jina? Akataja. Kijiji? Akataja. Watoto? Akawataja wote wanne, wa mwisho polepole. Mbao hakuiangalia hata mara moja. Aliniangalia mimi. Halafu akauliza:

"Papa Maliki, hii kitu inaandikaka pia wale wenye hawakufika?"

Mume wake hajaonekana tangu siku ile ya moto. Nimemwambia nitauliza. Nimeweka mbao chini, na leo sikushona tena.


Jumamosi, tarehe 8 Julai

Nimekwenda kwa Bertin kupeleleza. Sababu niliyomwambia: kuazima sindano namba kumi na sita. Ninazo tisa.

Mezani kwake kuna skai nyeusi, ile ngozi ya bandia, nzuri, lazima nikiri. Logo anataka kuiweka nyuma. Makalioni! Hajajifunza kitu tangu Mama Henriette. Sikumkosoa. Nilimwambia tu, hivi hivi, nikitazama dari, kwamba nimesikia tableti zinabadilishwa, zinazokuja ni kubwa zaidi, aongeze vidole vitatu kila upande.

Akanishukuru! Akanipa chai, sukari vijiko vinne. Halafu akasema na yeye ana neno la kunisaidia. Mtoto wa dada yake kule Lubumbashi anayo tableti kama ile. Kitufe kiko kwenye ukingo wa kulia, chembamba kama punje ya mchele. Kikibanwa, tableti inalala. Ukingo wa kulia usiguswe kabisa, alisema.

Nimetembea mpaka daraja la Lukuga nikilifikiria. Mimi nimemdanganya. Yeye si mjinga. Kwa hiyo naye amenidanganya, na ile sukari ilikuwa ya kufunika ladha. Kwa hiyo kitufe kinaweza kuwa popote isipokuwa ukingo wa kulia. Kwa hiyo ukingo wa kulia ndio mahali salama kuliko pote pa kuweka logo!

Asante, Bertin.


Jumapili, tarehe 9 Julai

Nimeipata! Nimeipata nikiwa nanawa uso, nikaacha maji yanamwagika.

Kifuniko cha mfuko kinafunguka kama kitabu na kukunjwa nyuma. Ili upepo usikipeperushe, kinafungwa kwa ulimi wa kitambaa unaopita juu ya ukingo wa kulia na kubana. Juu ya ulimi huo nimeidarizi logo. Mkono mmoja unabaki mbele, ajenti anauona. Mkono wa pili unapita nyuma, mama anayeandikwa anauona. Nyumba iko katikati, juu ya ukingo wenyewe, nayo nimeijaza sponji mpaka imetuna kama andazi. Logo ni ya nani? Ya wote wawili! Mikono imeishika tableti yenyewe, na hakuna anayekaliwa.

Nimeukaza ulimi mpaka mbao ikalia. Kingo tatu nyingine nimeziacha wazi, kitufe kitajichagulia mahali pa kupumulia. Mwanamisi ameuliza vumbi nalo litajichagulia wapi. Kuna watu hawana jicho la ubunifu.


Jumatatu, tarehe 10 Julai

Nimeshinda!

Mfuko wa Bertin ulizidi vidole vitatu kila upande. Tableti ilikuwa inaogelea ndani yake kama mtoto ndani ya suruali ya baba. Madamu Clémentine aliinamisha mfuko kidogo tu, tableti ikateleza, akaidaka kwa goti. Bertin alinitazama. Nilisikia kitu kikinichoma chini ya mbavu. Nafikiri ni njaa.

Wangu ulikaa sawasawa. Madamu aliuliza kwa nini logo iko ukingoni. Nikamweleza sheria ya kitenge, nikamweleza swali la logo ni ya nani, nikamweleza na Mama Henriette. Alicheka mpaka akavua miwani. Alisema miaka yote hii mashirikani hajamsikia mtu akiwaza jambo hilo. Ameufunga ulimi, ameufungua, ameufunga tena. Mashine yao ya umeme imeharibika tangu Jumamosi, kwa hiyo tableti zote zilikuwa zimezimika. Haidhuru. Ilikuwa ni kujaribu nguo tu.

Nimevaa beji njia nzima kurudi nyumbani, nimepitia na sokoni, ambako si njiani.


Jumatano, tarehe 12 Julai

Mifuko saba imekwisha. Vidole vimevimba kwa sponji na sindano. Mwanamisi anakata nyuzi, Mama Pascasie anageuza kona kwa kijiti. Mikono yake ni myepesi kuliko yangu, sitamwambia Mwanamisi nimeandika hivi.

Nimepita kwenye shule watakapoandikia Ijumaa, kuonyesha beji. Mlinzi ni yule yule wa mbuzi. Ameisoma beji, amenisoma mimi, amefungua geti. Nimeingia, nimezunguka mlingoti wa bendera, nimetoka. Sikuwa na shughuli ndani.


Ijumaa, tarehe 14 Julai

Naandika nikiwa nimechoka, lakini naandika.

Saa mbili asubuhi uwanja wa shule umejaa. Wanawake na watoto mpaka barabarani. Nilipita mbele na beji yangu, nikamkabidhi Mama Pascasie kwa Anwari. Wa kwanza, kama nilivyoahidi! Alikuwa amevaa kitenge kilichopigwa pasi ya makaa.

Upepo wa ziwa ulikuwa mkali. Anwari akakunja kifuniko nyuma, akaufunga ulimi. Logo ikakaa vizuri ajabu, mkono huku, mkono kule. Akauliza jina, kijiji, mtoto wa kwanza, wa pili. Tableti ikawa nyeusi.

Akaiwasha. Inachukua muda mrefu kuamka, mrefu kuliko sala. Jina, kijiji, mtoto wa kwanza. Nyeusi. Nikatazama kulia: ajenti mwingine anaitikisa ya kwake. Kushoto: mwingine anaipuliza. Zote kumi! Uwanja mzima maajenti wamesimama na mbao nyeusi mikononi kama ile yangu ya kasha la sabuni.

Walisema betri. Walisema joto. Walisema mtandao. Mimi pia nilisema mtandao, nilisema kwa sauti. Saa nne ikafika. Halafu saa tano. Kwa kila mama tableti ilizimika mara tatu, mara nne, wengine wakaandikwa nusu, na jina lililoandikwa nusu likigoma kuandikwa tena. Jina la Mama Pascasie ndilo lilikuwa la kwanza kugoma. Chombo kilisema mtu huyo tayari yumo. Anwari akamwomba asogee pembeni angoje. Akasogea na watoto wake ukutani, kwenye jua. Sala ya Ijumaa ilinipita nikiwa nimesimama.

Saa saba hivi, Bertin. Alikuja kumsindikiza shangazi yake aliyeshuka kutoka Pepa. Alikaa muda akimtazama ajenti mmoja anavyofunga ulimi na tableti inavyolala. Akanijia, akasema kwa sauti ndogo:

"Njo ile buto ya pembeni, Papa Maliki. Nilikuambiaka."

Kitufe cha ukingo wa kulia. Punje ya mchele, na juu yake nyumba yangu ya sponji. Kila ajenti alipoibana tableti kwa mkono, nyumba ilikibonyeza.

Nitakuwa mkweli hapa kwa kuwa daftari hili ni langu. Kwanza nilifikiria kunyamaza. Nikinyamaza, beji inabaki, mifuko ishirini iliyobaki inabaki, na kosa ni la mtandao. Saa tisa watafunga, watu watarudi walikotoka. Halafu nikatazama ukutani. Mama Pascasie alikuwa amewapanga watoto wanne kwa urefu, tayari, ili wasichelewe wakiitwa.

Nilichukua mkasi mfukoni. Nilianza na ya Anwari. Nikakata ulimi, kap! Tableti ikabaki imewaka. Nikaenda kwa wa pili, wa tatu. Madamu Clémentine akaniuliza nafanya nini. Jibu la haraka lilinijia, la uongo na zuri sana, kwamba kitambaa kinahitaji hewa. Sikulisema. Nikasema, "Kosa ni la logo, Madamu. Ni la kwangu." Nikaendelea kukata, naye akanifuata tableti hadi tableti, akiokota ndimi nilizokata. Kila mfuko ukabaki na mkono mmoja wa kushoto usioshika kitu.

Wakaandika mbio. Mama Pascasie, wa kwanza wangu, aliitwa wa mwisho, baada ya Anwari kulifuta lile jina la nusu. Jina, kijiji, watoto wanne. Haikuzimika. Halafu mimi, ambaye sina tena haki ya kuuliza kitu mahali pale, nikamuuliza Anwari kama inaandika pia wale ambao hawakufika. Alisema ipo sehemu ya waliopotezana. Mama Pascasie akasema polepole: Fidèle. Anwari akaandika Fidèle. Akamsomea. Mama akaomba asomewe tena.

Nimelia. Mwanamisi anadhani ni vumbi.

Beji imechukuliwa getini. Na mlinzi wa mbuzi.


Jumapili, tarehe 16 Julai

Kazi yote imepewa Bertin. Ni haki, nimesema hivyo mbele ya Mwanamisi, naye amesema niseme tena kwa sauti.

Asubuhi Bertin amekuja hapa kwangu! Amebeba skai na kiolezo cha karatasi. Anasema mifuko mitano lazima iwe tayari kesho alfajiri naye ana mikono miwili tu. Nishone mitano hiyo, tugawane sifa. Hakutaja tena vidole vitatu. Nimempa chai. Sukari vijiko vinne, asije akasema.

Kesho ni siku kubwa. Wale walioandikwa Ijumaa wanapigwa picha kwa tableti hizo hizo. Bila picha kadi haitoki. Na kwa waliopotezana, Anwari ameeleza, picha itapelekwa mpaka Kabalo na kubandikwa pale wanapokaa waliokimbilia huko, ili aliye hai aone wake wako wapi. Mama Pascasie hajakaa chini tangu asikie. Amewanyoa watoto. Ameniuliza kama acheke kwenye picha au asicheke, Fidèle atamjua vipi kwa haraka. Nimemwambia acheke kidogo.

Nimemaliza mitano jioni hii. Logo iko nyuma, imesimama wima. Nimekubali, nimejifunza. Ukingo wa kulia uko wazi kabisa, kitufe kinapumua. Nimenyenyekea.

Ila jambo moja. Kwenye kiolezo chake Bertin amechora tundu nyuma, kwenye kona ya juu, kubwa kama kifungo cha shati. Amenisisitizia mara mbili niliache wazi. Anasema hapo pana jicho la tableti.

Jicho, mgongoni!

Nimelifikiria tangu adhuhuri. Nimezichunguza tableti wiki mbili nzima, nimezishika zote kumi kwa mikono yangu, uso uko mbele. Kitu chenye uso mbele kinaonaje kwa nyuma? Na kwa nini anisisitizie mara mbili? Mtu uliyemfanyia lile la vidole vitatu hakuletei skai bure asubuhi ya Jumapili. Anataka niache tundu, vumbi liingie, tableti tano zife, na Madamu ajue ni mishono ya nani. Hapana. Safari hii nimemwona mapema. Tundu nimeliziba kwenye mifuko yote mitano, skai mbili, mshono wa kurudia, hata hewa haipiti.

Anwari ameahidi kuchukua mmoja wa mifuko yangu. Nimekwenda jikoni kumwambia Mama Pascasie asiwe na wasiwasi, apange watoto mapema. Picha ya kwanza ya kesho itakuwa yake.